Soda, Maji na Ulimi wa Papa Kisimba

Siku mliyoniaga mlinipa katoni ya sabuni. Nimepika sabuni tangu nikiwa msichana mpaka magoti yamegoma, na zawadi mliyoona inanifaa ni sabuni. Nilicheka, nikashukuru, nikaibeba. Lakini njiani nilikuwa na hasira, na haikutokana na zawadi. Niliwasikia wawili kati yenu wakibishana kama bado kuna haja ya kuonja sabuni, maana sasa tuna karatasi za kupimia. Mmoja akasema, "Kuonja njo mambo ya wazee." Haya basi. Mzee ameketi, ameshika kalamu, na atawaeleza mambo ya wazee. Anayetaka kujua nilivyopandishwa cheo akaulize makarani wa biro. Mimi sikumbuki wala sijali.

Niliingia savoneri, hii nyumba yetu ya kupikia sabuni, wakati wa Zaire, katika miaka ambayo sabuni ya kiwandani ilikuwa imeanza kupotea madukani na watu wa Kalemie walikuwa wakifua kwa majani ya mpapai. Patron wetu, mwenye mali, alikuwa na hangari moja karibu na reli. Ndani mlikuwa na mapipa mawili ya kuchemshia, masanduku ya mbao ya kumwagia, waya wa kukatia, na mizani aliyoinunua kwa wauza samaki. Mizani ile ilinuka dagaa hadi siku ilipokufa, na wateja wengine waliapa kwamba sabuni nayo ilinuka dagaa. Si kweli, au ni kweli kidogo.

Aliyenipokea alikuwa mpishi mkuu, Papa Kisimba, mtu mrefu, mkavu, mwenye makovu madogo meupe kutoka vidoleni hadi viwikoni. Hakuniuliza jina. Alinionyesha ndoo ya maji na kopo la soda kali, yale mawe meupe yanayogeuza mafuta kuwa sabuni, akasema, "Changanya." Nikanyanyua ndoo niyamwage maji juu ya soda, kama mtu anayekoroga uji. Alinipiga mkono kwa mwiko, ndoo ikaanguka.

"Unataka kurudi kwenu bila macho? Soda inaingiaka mu maji. Maji haiingiaki mu soda. Sema!"

Nikasema.

"Sema tena!"

Nikasema tena na tena, mpaka wapakuaji wa mkaa waliokuwa nje wakaanza kuitikia kwa dhihaka kama wako kanisani. Nililia siku ile. Baadaye nilimwona mwanamke wa mtaani kwetu aliyemwaga maji juu ya soda nyumbani kwake. Ilichemka ghafla ikamrukia usoni, na tangu hapo nikaacha kuukumbuka mwiko ule kwa uchungu.

Hesabu aliyonifundisha ndiyo mnayoitumia hadi leo, ingawa wengine wenu mnadhani ilitoka Kinshasa. Kwanza pima mafuta, maana mafuta ndiyo mkubwa wa nyumba na wengine wote wanamfuata. Kwa kilo kumi za mawese yaliyochujwa vizuri, soda ni kilo moja na gramu mia tatu na hamsini. Hapo mafuta kidogo yanabaki bila kushikwa, na hayo ndiyo yanayoilinda ngozi. Mafuta ya mbegu za mawese yanakula soda zaidi, kwa hiyo usiyachanganye kwa kubahatisha. Maji ni lita tatu, au tatu na nusu kama unataka muda wa kumwaga kabla uji wa sabuni haujashika. Papa Kisimba alisema maji ni mbebaji tu: kazi yake ni kuipeleka soda kwa mafuta, kisha aondoke. Ukiyapunguza mno, uji unashika mikononi mwako kabla ya kufika sandukuni. Ukiyazidisha, sabuni inakaa laini wiki nzima, halafu inajikunja ikikauka. Na hayo maji yawe ya mvua. Maji ya ziwa letu yanagombana na sabuni, hayaachi povu litoke, na ya mto Lukuga yana matope.

Soda usiipime kwa kikombe. Kikombe ni cha chai.

Lakini hesabu hiyo ni ya soda nzuri, na sisi tulipata soda nzuri kwa nadra. Yetu ilivuka ziwa kutoka Kigoma kwa boti, na bandarini kila mwenye kofia alitaka kufungua pipa aone ndani kuna nini. Soda ikiona hewa inakunywa maji. Inalowa, inashikana mabonge, na ukiweka kilo moja juu ya mizani, sehemu ya kilo hiyo ni maji tu, wala hujui ni sehemu gani. Tuliiita "soda iliyokunywa". Ukiipima kwa hesabu ya kawaida sabuni inatoka legelege, mafuta yanaelea juu. Basi unaongeza. Unaongeza kiasi gani? Hapo ndipo hesabu ilipoishia na ulimi ukaanza.

Papa Kisimba alikuwa akikata kipande cha sabuni iliyopoa na kukigusa kwa ncha ya ulimi. Ikiuma, soda imezidi: sabuni yote inarudi pipani, inaongezwa mafuta, inachemshwa upya. Isipouma na ikateleza kama mafuta matupu, soda imepungua. Ikiwa haiumi na haitelezi, anasema, "Nzuri," nasi tunakata miche. Hakukosea. Mji mzima ulimwita Papa Ulimi. Wanawake sokoni, kabla ya kutoa hela, waliuliza, "Papa Ulimi alionja?" Wakiambiwa ndiyo, hawakunusa wala kukwaruza kwa ukucha.

Palikuwa na sheria moja ambayo savoneri nyingine hazikuwa nayo: ulimi wa nyumba ni mmoja. Zamani, kabla yangu, wapishi wawili walionja sabuni moja, huyu akasema inauma, yule akasema haiumi, wakapigana na mwiko mpaka uji ukagandia pipani. Tangu hapo mpishi mkuu peke yake ndiye aliyeonja. Sisi wengine kuonja kulikuwa ni kumtukana. Siku moja nilimtania kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

"Kweli," akasema, "lakini kidole kimoja inatosha kukuonyesha mulango."

Nilimpenda. Niseme wazi, maana yanayofuata yanaweza kuwafanya mdhani vingine. Baba yangu alikufa nikiwa mdogo, na kila ninachokijua kwa mikono yangu nilipewa na yule mzee mwenye maneno makavu.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Feza, aliyelingana nami umri. Mama yake alipofariki, Feza ndiye aliyemletea baba chakula cha mchana, nasi tukawa marafiki tukingoja aoshe mikono. Papa alimimina pilipili kwenye sombe, yale majani ya muhogo, mpaka sisi tuliokaa karibu tukapiga chafya, akala bila kufuta jasho. Tulisema huyo ni mwanaume. Feza aliolewa na Ilunga, kijana wa bandarini mwenye mabega mapana na maneno machache, wakapata watoto wawili.

Halafu mambo yakaharibika, na mliozaliwa baadaye hamtaelewa ni kwa kiasi gani. Mishahara ilikuja ikiwa imekwisha thamani. Boti ya Kigoma ilikaa bila mafuta, treni ilikaa bila vipuri. Soda iliyofika ilikuwa imekunywa kupita kiasi, wakati mwingine tuliichota kwa kijiko kama ugali wa maji. Papa Kisimba akapandisha kipimo kidogo kidogo, mpaka kikafika kilo moja na gramu mia saba kwa mafuta yale yale kilo kumi. Akakiandika kwa chaki kwenye mfuniko wa pipa. Kwa soda ile mbovu kilikuwa sawa. Ubaya ni kwamba kilikaa pale muda mrefu, chaki ikafifia ikaandikwa upya, hadi tukasahau kwamba kile kilikuwa kiraka.

Katika miaka hiyo Ilunga alishikwa na homa. Hospitali ilikuwa na vitanda na waganga, dawa ilikuwa ni juu yako kutafuta. Feza alizunguka mji mzima. Alipopata chupa ya dawa, mishipa ya mumewe ilikuwa imekwisha kulala. Alikufa jioni, mtu mwenye nguvu kuliko wote niliowajua, na ndugu zake waliokuja kuchukua mwili waliuliza mara moja: mtu kama huyu anakufaje kwa homa tu?

Feza alinyolewa nywele, akakalishwa kwenye mkeka. Mimi nilikaa naye nilipoweza. Kisha patron akanituma Kabalo kununua mawese, maana yaliyobaki yalikuwa yameoza. Nilimuaga Feza nikamwambia nitarudi kabla ya kumaliza matanga. Treni iliharibika njiani, karibu na Nyunzu, tukalala pale na mapipa ya watu na mbuzi wa watu. Sikurudi kwa wakati.

Nilichokikosa nilisimuliwa na wapishi wenzangu na Feza mwenyewe, na simulizi zao hazikupishana.

Nilipokuwa nimeondoka lilifika pipa jipya la soda, limefungwa vizuri, kavu kama chumvi. Mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Watu walifurahi. Papa Kisimba aliipima kwa kipimo cha chaki, kile cha soda mbovu. Mapema au baadaye kosa hilo lingempata yeyote, na ndiyo sababu ulimi ulikuwepo. Sabuni ilipopoa ilikuwa na unga mweupe juu, na waya ulipopita ilipasuka kama biskuti. Wakataji wakamwambia. Akajibu ni kiangazi, hewa ni kavu. Akagusa kwa ulimi. "Nzuri," akasema. Nani angebisha? Miche ikakatwa.

Ukoo wa Ilunga ulikuwa na desturi yake ya kumaliza matanga. Mjane ananyolewa tena, kisha anaogeshwa ziwani asubuhi na wanawake wa upande wa mume, kwa sabuni mpya isiyowahi kuguswa na maji. Sabuni hiyo inaletwa na baba wa mjane. Mbele ya wote baba anaionja kidogo, kuonyesha kwamba hakuleta ubaya, kama mtu anavyoonja pombe kabla ya kumpa mgeni. Kisha mkubwa wa ukoo wa mume anaikata katikati kwa kisu chake: nusu inaenda kuogesha, nusu inarudi kwa baba kama ushahidi. Na mjane akiisha kupakwa povu kutoka kichwani hadi miguuni hasuuzwi mpaka maombi yaishe. Hapaswi kulia. Wanasema marehemu yupo karibu, anaangalia kama mkewe anamuaga kwa moyo safi.

Papa Kisimba alileta mche kutoka kwenye ile sabuni. Akauonja mbele yao. Akasema ni nzuri.

Fikirini kichwa kilichonyolewa asubuhi hiyo hiyo, chenye mikwaruzo ya wembe. Feza aliniambia kwamba mwanzo alidhani ni baridi ya maji. Kisha kichwa kikawaka. Alivumilia kwa sababu ya watoto, maana mjane akilia wakati ule watasema ana neno. Maombi yalikuwa marefu. Mama mmoja aliyapenda sana maneno yake mwenyewe. Povu lilipoingia jicho la kushoto Feza alipiga kelele, akajitupa majini. Wanawake walimshika, wakamtoa, na walipomfuta waliona ngozi ya kichwa inatoka na kitambaa.

Hawakufikiria sabuni. Ningependa kuwaambia kwamba walikuwa watu wabaya, ingekuwa rahisi. Walikuwa watu wenye msiba waliotafuta sababu, na sababu ikaja yenyewe ikiwa imevimba. Walisema, "Ilunga amemukatala." Maana yake ilikuwa marehemu amemkataa mkewe kwa sababu ndiye aliyemuua.

Niliporudi nilimkuta amelala chumbani kwake, kichwa kimepakwa mafuta, jicho la kushoto limefungwa kitambaa. Mtoto mdogo alikuwa anamwogopa. Feza hakuniuliza habari za safari.

"Jumapili, kisha misa, wanakutana kwa Papa Mulongo," aliniambia. Papa Mulongo alikuwa kaka mkubwa wa Ilunga. "Watakamata watoto, Mauwa. Miye wananifukuza. Watoto wanabakia kule."

"Sababu ya nini?"

"Wanasema maji ya matanga ilinikatala." Kisha akaniuliza polepole sana, "Muntu anaweza kuua bwana yake bila kujua?"

Swali lile liliniumiza kuliko kichwa chake. Alikuwa ameanza kuwaamini.

Nilikwenda moja kwa moja hangarini. Nilipoona ule unga mweupe juu ya miche iliyobaki nilijua, lakini kujua kwa macho si kujua. Nikakata kipande nikakigusa kwa ncha ya ulimi, mara ya kwanza tangu niingie kazini. Ilinishika kama moto wa makaa. Nilitema, nikasukutua, nikatema tena, na machozi yakanitoka. Kisha nikakichukua kipande kile nikampelekea Papa Kisimba.

"Papa, hii sabuni iko moto."

"Nilionja."

"Onja tena."

Alikasirika, maana nilikuwa nimevunja sheria ya nyumba mbele ya macho yake. Alininyang'anya kipande akakipitisha kwenye ulimi, si kwa ncha bali ulimi wote. Nilingoja uso wake ukunjamane. Haukukunjamana. Alisimama tu, amenitazama, sabuni mdomoni.

"Iko nzuri," akasema.

Nikamtolea ulimi wangu, umeshaanza kutoka lengelenge. Aliutazama. Akaitazama sabuni. Akaketi juu ya sanduku.

"Mauwa, funga mulango."

Nilifunga. Nikamuuliza kama anasikia pilipili. Akasema hapana. Chumvi? Hapana. Alisema anajua sabuni kwa harufu na kwa kidole, na kwamba ilikuwa inatosha, sikuzote ilitosha. Aliendelea kusema inatosha mpaka nikamkata maneno, jambo ambalo sikuwahi kulifanya.

"Jumapili wanamunyanganya Feza watoto."

"Nilisikia."

"Ulisikia na unanyamaza?"

"Nilizani..." Kisha akasema, "Watu watasema nini? Papa Ulimi hana ulimi?"

"Watasema. Na watacheka."

"Patron ataniondosha."

"Atakuondosha," nilimwambia. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema hivyo kila siku, lakini huyu alificha maradhi yake na aliyeungua ni mtoto wake. Aliniambia nitoke. Nilitoka bila kujua kama angefanya lolote.

Jumapili uani kwa Papa Mulongo palijaa watu. Feza alikaa kwenye mkeka, kichwa kimefungwa, watoto wamewekwa upande wa pili na shangazi zao. Papa Mulongo alikuwa mtu wa maneno mengi na abakosti, suti ya Kizaire isiyo na tai, iliyopigwa pasi vizuri. Alieleza tangu kuzaliwa kwa Ilunga. Alipofika kwenye sabuni nilisimama.

"Papa Mulongo, sabuni njo ilimuchoma. Iko na soda mingi. Nilionja miye mwenyewe." Nikatoa mche niliokuja nao.

"Mama Mauwa, weye ni rafiki yake," akasema, bila ukali. "Hiyo uliipika jana, uliipika juzi, tutajua namna gani? Ile ya matanga, baba yake mwenyewe aliionja. Tulimuona kwa macho yetu. Papa Ulimi! Kuna muntu hapa alishaona Papa Ulimi anakosea?"

Hata mimi nilikaa. Sifa ya baba ndiyo iliyokuwa inamnyonga mtoto, na kila mtu pale alikuwa anaoga kwa sifa hiyo kila siku.

Shangazi mmoja alikuwa tayari anafunga nguo za watoto Papa Kisimba alipoingia. Alivaa nguo zake za kazi, Jumapili, na watu walilishangaa hilo kwanza. Alikwenda hadi mbele akafungua kitambaa.

"Hii nusu unaijua?"

Papa Mulongo aliigeuza mkononi. "Ninaijua. Kisu yangu njo ilikata. Alama hii ni ya kisu yangu."

"Muzuri."

Papa Kisimba akavunja kona ya nusu ile, akaiweka ulimini, akafunga mdomo. Alikaa hivyo. Watu walingoja aseme neno. Povu lilianza kutoka kwenye pembe za midomo, jeupe, kisha jekundu kidogo. Nilitaka kumvuta mkono. Feza alinyanyuka nusu kutoka kwenye mkeka. Ndipo akatema mkononi, akaonyesha damu.

"Miye sisikie kitu," akasema. Ulimi ulikuwa mzito tayari. "Sasa weye. Gusa tu, kidogo."

Papa Mulongo alisita. Mama mzee wa ukoo wao akamwambia, "Gusa. Si ulisema iko nzuri?" Akagusa. Aliruka kutoka kwenye kiti, akatema juu ya ile abakosti, akadai maji kwa sauti ya mtoto. Nilimpa kata baada ya kata asukutue. Maji mengi, vijana wangu, mengi na mara moja, kwa ulimi, kwa jicho, kwa ngozi. Laiti pale ziwani wangemsuuza Feza papo hapo badala ya kuomba.

"Ulimi yangu ilikufa," Papa Kisimba akawaambia watu wote. "Sabuni njo ilimuchoma mutoto wangu. Ilunga hayumo. Miye njo nilimuchoma."

Papa Mulongo alijaribu kusema, ulimi ukakataa, akajaribu tena. Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa.

"Watoto wabakie kwa mama yao."

Shangazi alifungua fundo la nguo. Mtoto mkubwa alikimbia akavuka uani hadi kwenye mkeka, na yule mdogo akamfuata, akalishika vazi la mama yake akiwa ameficha uso ili asikione kitambaa cha jicho. Nililia mbele za watu. Nilidhani mambo yamekwisha, na Feza naye angelia, na baba na mtoto wangeshikana mikono. Feza hakulia. Alimtazama baba yake kwa lile jicho moja.

"Papa, tangu lini?"

Papa Kisimba alijifuta mdomo. Angeweza kudanganya, hakuna ambaye angejua.

"Tangu mama yako alikuwa angali anapika."

Feza alihesabu kimoyomoyo, niliona midomo yake. Sabuni zote zile. Zilizowaogesha watoto wake walipozaliwa. Na huu mche, aliouchagua baba yake kati ya miche yote, akauonja mbele ya watu, akasema ni mzuri. Akawashika watoto mikono, akaenda nyumbani kwake, nasi wengine tukabaki tukiangalia mkeka.

Patron alimwondosha Papa Kisimba wiki ile ile. Miche iliyobaki tuliirudisha pipani na mafuta, ikapona. Sabuni ina bahati hiyo. Kipimo cha chaki nilikifuta kwa mkono wangu. Na siku niliyopewa mwiko mkuu niliweka sheria mliyoikuta: kila soda mpya inapimwa upya kwa pipa dogo la majaribio, na sabuni inaonjwa na watu wawili ambao hawajasikiana. Karatasi zenu ni nzuri, zitumieni. Kisha onjeni, wawili. Na mkubwa wenu akikasirika kwamba mmeonja nyuma yake, mwombeni naye atoe ulimi.

Nywele za Feza zilirudi kwa viraka. Jicho la kushoto liliingia wingu jeupe, halikuona tena. Baba yake alikuwa hana kazi wala mtu mwingine, basi kila Jumapili baada ya misa alikwenda kwa Feza, naye alimpikia. Alimpikia vizuri, samaki mkubwa, ugali wa moto, maji ya kunawa mikono, yote anayostahili baba. Nilikwenda mara nyingi, na muda ulipita kabla sijaona kitu kimoja. Kiti cha mzee kiliwekwa sikuzote upande wa kushoto wa Feza, karibu kabisa, pale ambapo jicho halioni. Mzee alikula akimtazama mtoto wake, na Feza aliangalia mbele, kwenye watoto.

Siku moja, mzee alipokwenda kunawa, nilishika kile kiti nikitaka kukihamishia upande wa pili. Feza aliusikia mguu wa kiti ukikwaruza, akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Acha pale, Mauwa," akasema. "Kumupikia, namupikia. Kumuangalia, hapana."